Tufe lisilo na kulia wala kushoto linageuzaje mkono wa mwanga?

Mwanagenzi wa Iyumbu ameuliza:

Mbukwenyi wanajamvi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fizikia hapa Dodoma. Msimamizi wangu amenipa mada ya jinsi chembe ndogo zinavyoweza kutumika kudhibiti umkono wa miale ya mwanga iliyopangiliwa, yaani miale ambayo ukali wake, fezi yake (hatua ya wimbi) na polaraizesheni yake (jinsi uga wake wa umeme unavyotikisika) vimepangwa kwa makusudi badala ya kuachwa kama leza ilivyovitoa. Nimeandika programu ya kukokotoa mtawanyiko wa mwanga kutoka kwenye tufe kwa kufuata nadharia ya Gustav Mie ya mwaka 1908, na matokeo yake yananitatiza kwa namna mbili.

Ninapoelekeza mwale wenye polaraizesheni ya duara ya mkono wa kushoto kwenye tufe la polistirini lenye kipenyo cha nanomita 50, programu inaniambia kwamba nusu ya mwanga wote uliotawanyika umekuwa wa mkono wa kulia. Sasa tufe ni tufe; hata ukilitazama kwenye kioo linabaki vilevile. Inawezekanaje kitu kisicho na kulia wala kushoto kigeuze mkono wa mwanga unaokipitia?

Kisha nikaubadilisha mwale wa kawaida nikaweka mwale wa kisulisuli, ambao uso wa wimbi lake unajizungusha kuufuata mhimili kwa umbo la parafujo na ambao katikati yake ni giza. Hapo tufe lilelile likaanza kutawanya mkono mmoja kwa wingi kuliko mwingine. Je, tufe limepata kairaliti, yaani umkono wa umbo, kutoka kwenye mwale, au programu yangu ina hitilafu?

Ningependa pia ushauri wa vitendo. Tulicho nacho ni leza nyekundu ya heli na neoni ya nanomita 632.8, hadubini ya kufundishia, na shanga za polistirini za vipenyo mbalimbali. Fedha za vifaa vikubwa hazipo. Ni kipi kati ya haya kinaweza kupimwa kweli badala ya kubaki kwenye kompyuta?

Mwalimu wa Makole amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, katika hayo mawili programu yako haina hitilafu. Nitaanza na la kwanza, maana la pili linasimama juu yake.

Umkono wa mwanga, ambao wanafizikia huuita helisiti, ni alama moja tu kwa kila wimbi linalosafiri upande mmoja: ama +1 ama −1, kutegemea uga wa umeme unazunguka kwa upande gani ukilinganishwa na mwelekeo wa safari. Wewe umedhani kwamba ulinganifu wa kioo wa tufe ndio unaoilinda alama hiyo. Ulinganifu wa kioo unasema jambo dogo zaidi ya hilo: chochote kitakachoupata mwale wa kushoto, kitaupata na mwale wa kulia kwa kiasi kilekile. Hausemi kwamba wa kushoto utabaki wa kushoto. Nusu kwa nusu uliyoipata inautii kikamilifu, kwa sababu ukianza na mkono wa kulia utapata nusu kwa nusu ileile.

Kinacholinda helisiti ni ulinganifu wa aina nyingine kabisa, ule wa kubadilishana nafasi kati ya uga wa umeme na uga wa sumaku. Katika ombwe, milinganyo ya Maxwell haijali mabadilishano hayo, na ndiyo maana mwanga unaosafiri angani hauwezi kugeuka mkono wenyewe. Uhusiano huo ulionyeshwa na Calkin mwaka 1965, na mwaka 2013 Fernandez-Corbaton na wenzake wakaupanua hadi ndani ya mada: helisiti hubaki pale ambapo uwiano wa mwitikio wa umeme kwa mwitikio wa sumaku ni uleule kila mahali, ndani ya chembe na nje yake. Mada za kawaida hazitimizi sharti hilo. Polistirini, kioo, silikoni, zote huitikia uga wa umeme na kuupuuza uga wa sumaku wa mwanga. Ulinganifu unavunjika, na alama iliyokuwa ikilindwa inaachwa wazi.

Ukitaka kuliona hilo ndani ya programu yako, tazama vizidishi viwili vya Mie, a kwa upande wa umeme na b kwa upande wa sumaku. Kwa kila daraja la maltipoli (maumbo ya mtetemo wa uga kwenye tufe, la kwanza na rahisi kabisa likiwa dipoli), mwanga unaobaki na mkono wake hufuata mraba wa ukubwa wa (a + b), na unaogeuka hufuata mraba wa ukubwa wa (a − b). Kwa tufe la nanomita 50, b ni karibu na sifuri, hivyo miraba yote miwili inakuwa sawa. Hiyo ndiyo nusu yako. Wala si kila upande unaipata nusu hiyo kwa usawa: kwa dipoli tupu ya umeme, mwanga unaoendelea mbele una mkono uleule, unaorudi nyuma umegeuka wote, na kwenye pembe ya digrii 90 mikono miwili inalingana, yaani polaraizesheni imekuwa ya mstari ulionyooka.

Udhibiti sasa. Ukipata chembe ambayo a na b ni sawa, sehemu ya (a − b) inafutika na mkono unabaki wote. Kerker, Wang na Giles waliandika mwaka 1983 kuhusu matufe yenye sifa za sumaku sawa na za umeme, wakaonyesha kwamba hayarudishi mwanga nyuma hata kidogo, jambo ambalo sasa utaliona ni lilelile kwa sura nyingine, kwa sababu nyuma ndiko unakoenda mwanga uliogeuka. Kwa miaka mingi lilionekana kuwa zoezi la karatasini, kwa kuwa hakuna mada yenye usumaku wa namna hiyo kwa mwanga unaoonekana. Njia ilifunguka pale watu walipotambua kwamba tufe la silikoni lenye kipenyo cha kati ya nanomita 100 na 200 huzungusha mkondo wa umeme ndani yake na kujifanya sumaku ndogo, hasa pale ambapo urefu wa wimbi ndani ya tufe unakaribiana na kipenyo chake. Silikoni hupunguza urefu wa wimbi mara 3.5 hadi 4 hivi, kwa hiyo tufe la nanomita 150 hupata resonansi yake ya sumaku, yaani mwitikio wake mkubwa kabisa, karibu na nanomita 600. Ukiwa na mawimbi marefu kidogo kuliko hayo utaifikia hali ya a na b kulingana. Ukiwa kati ya resonansi ya sumaku na ile ya umeme, ambayo iko kwenye mawimbi mafupi zaidi, sehemu iliyogeuka inakua. Kwa hiyo tufe lilelile, kwa kubadilishiwa rangi ya mwanga tu, huhama kutoka kulinda mkono hadi kuugeuza kwa sehemu kubwa.

Nasema kwa sehemu kubwa kwa sababu kuna mpaka. Kugeuza mkono wote kungetaka a iwe kinyume kamili cha b, na hapo mwanga uliotawanyika mbele ungekuwa sifuri. Lakini mwale hupungua kwa sababu ya kuingiliana na mwanga uliotawanyika mbele. Pasipo huo hakuna kilichotolewa kwenye mwale, na pasipo kilichotolewa hakuna cha kutawanya. Chembe isiyo na chanzo chake cha nishati inaweza kuulinda mkono kikamilifu, ila kuugeuza kikamilifu haiwezi. Ukiona makala inadai kinyume cha hapo, angalia kama mwandishi hakuweka mada inayokuza mwanga.

Mkemia wa Hombolo amejibu:

Nimesoma kwa hamu, na ninaomba Mwalimu aniruhusu niingize neno kabla hajaendelea, kwa sababu naona vijana wetu wengi wanachanganya umkono wa mwanga na umkono wa molekuli.

Huku kwetu tunalima zabibu, na zabibu ndizo zilizoifundisha dunia jambo hili. Chumvi ngumu inayoganda ndani ya mapipa ya mvinyo inatokana na asidi ya tatariki, na ni katika fuwele za chumvi za asidi hiyo ambapo Louis Pasteur, mwaka 1848, alitenganisha kwa mkono, moja moja, fuwele zilizoelekea kulia na zilizoelekea kushoto, akakuta kwamba myeyusho wa kundi moja unazungusha polaraizesheni upande mmoja na wa kundi la pili upande mwingine. Biot alikuwa ameshaona mwaka 1815 kwamba vimiminika pia huzungusha, si fuwele peke yake.

Chukua maji ya zabibu zilizoiva vizuri, uyachuje hadi yawe angavu, uyaweke kwenye polarimita ya taa ya sodiamu ya nanomita 589. Zabibu iliyoiva ina glukosi na fruktosi kwa viwango vinavyokaribiana. Glukosi huzungusha kulia kwa mzunguko mahususi wa digrii 52.7 hivi, na fruktosi huzungusha kushoto kwa digrii 92 hivi, kwa hiyo jumla inaangukia kushoto. Wanafunzi hushangaa kuona hivyo, kwa sababu sukari ya mezani wanayoijua huzungusha kulia, digrii 66.5.

Ninachotaka kusisitiza ni hiki. Molekuli za sukari zina umkono wa kweli, lakini maji hayo ya zabibu hayageuzi helisiti ya mwanga unaoyapita. Mwale wenye polaraizesheni ya mstari ni mchanganyiko wa mikono miwili. Sukari inauchelewesha mkono mmoja kidogo kuliko mwingine, na mstari unazunguka kwa sababu hiyo. Mkono wa kushoto umeingia wa kushoto na umetoka wa kushoto. Tufe la Mwanagenzi, ambalo halina umkono wowote, linageuza nusu nzima. Kuwa na umkono na kugeuza mkono ni mambo mawili tofauti kabisa, na mtu anayetaka kutumia miale hii kupima dawa au sukari ni lazima ayatenganishe tangu siku ya kwanza, vinginevyo ataripoti kairaliti ya sampuli ambayo haipo.

Mwanagenzi wa Iyumbu ameandika:

Nashukuru sana, Mwalimu, na wewe Mkemia shikamoo. Hoja ya sukari imenifungua macho kuliko vitabu vyote nilivyosoma mwezi huu. Hata hivyo tofauti niliyoiona kwenye mwale wa kisulisuli bado inanikera. Kama ulinganifu wa kioo unasema kushoto na kulia lazima vipate kiasi kilekile, mbona nimepata viasi tofauti kwa tufe lililowekwa katikati kabisa ya mwale? Tena, je, tufe lenyewe halizungushwi? Kama mkono wa mwanga umegeuka, momenta ya mzunguko imeenda wapi?

Mwalimu wa Makole amejibu:

Mkemia amesema vema, sina la kuongeza kwake. Maswali yako mawili yanajibiwa kwa hesabu moja, Mwanagenzi.

Mwale wako unabeba momenta ya mzunguko kwa njia mbili. Ya kwanza inatokana na polaraizesheni ya duara. Poynting aliitabiri mwaka 1909, na Beth akaipima mwaka 1936 kwa kuning'iniza bamba la kwatzi kwenye uzi mwembamba. Ya pili inatokana na msokoto wa uso wa wimbi, na ilielezwa na Allen na wenzake kule Leiden, Uholanzi, mwaka 1992. Ukiita msokoto l na helisiti p, kila fotoni ina jumla j = l + p, katika kipimo cha h ya Planck iliyogawanywa kwa 2π.

Tufe lililowekwa sawasawa kwenye mhimili lina ulinganifu wa kuzunguka mhimili huo, kwa hiyo j haibadiliki. Ikiwa p imegeuka kutoka +1 kwenda −1, l ni lazima ipande kwa 2 kufidia. Hapo ndipo momenta yako ilipokwenda: haikwenda kwenye tufe, ilihamia kwenye msokoto wa mwanga wenyewe. Mwale uliokuwa laini, l = 0, unatoa sehemu iliyogeuka yenye l = 2, kisulisuli kamili chenye giza katikati. Mwale wenye l = 1 unatoa sehemu yenye l = 3. Chembe moja isiyo na kona wala msokoto wowote inakuwa mashine ya kutengeneza visulisuli. Tufe lisilofyonza mwanga, likiwa katikati, halipati msukumo wa kuzunguka hata kidogo. Majaribio mashuhuri ya Queensland, Australia, yaliyozungusha chembe kwa kisulisuli mwaka 1995 yalitumia chembe zinazofyonza mwanga, na yale ya mwaka 1998 yalitumia vipande vya kalisaiti ambavyo mada yake hailingani pande zote. Ukilainisha masharti hayo, hesabu nayo inabadilika.

Sasa tofauti yako ya viasi. Umeacha l = 1 palepale ukabadilisha p peke yake. Kwa p = +1 umepata j = 2; kwa p = −1 umepata j = 0. Hiyo si miale miwili iliyo taswira ya kioo ya mwenzake! Ukiweka kioo, l nayo inageuka. Na kuna kanuni kwamba mwale wenye jumla j unaamsha tu maltipoli za daraja lisilopungua ukubwa wa j. Kwa hiyo mwale wa j = 2 hauwezi kuamsha dipoli ya tufe lako hata ukitaka, wakati ule wa j = 0 unaiamsha bila shida. Umelinganisha vitu viwili tofauti ukaona vinatofautiana. Zambrana-Puyalto, Vidal na Molina-Terriza walichapisha mwaka 2014 jambo la namna hii kwa mashimo ya duara yaliyotobolewa kwenye utando wa dhahabu: mashimo yasiyo na umkono yalipitisha kushoto na kulia kwa viwango tofauti, kwa sababu tu mwale ulikuwa wa kisulisuli.

Kipimo cha haki ni kugeuza vyote viwili, l na p, kwa pamoja. Linganisha l = 1, p = +1 na l = −1, p = −1. Kwenye programu yako tofauti itakuwa sifuri kamili. Ikiwa siku moja, kwenye sampuli halisi, tofauti hiyo itabaki baada ya kugeuza vyote viwili, hapo ndipo uanze kufikiria kairaliti, na hata hapo uhakikishe kwanza kwamba chembe haijasogea kutoka katikati.

Nikiligusa hilo la kusogea: sheria mbili nilizokueleza hazivunjiki pamoja. Chembe ikiondoka kwenye mhimili, hesabu ya j inaharibika na utaona mchanganyiko wa misokoto mingi. Sheria ya (a + b) na (a − b) yenyewe inategemea mada na ukubwa wa chembe, haitegemei imekaa wapi. Chembe yenye a sawa na b katika kila daraja linaloamshwa italinda helisiti popote utakapoiweka ndani ya mwale. Ukiwa maabara na hujui kama umekosea mpangilio au umekosea ukubwa wa chembe, tofauti hiyo itakusaidia kutafuta kosa.

Fundi wa Maabara, Kikuyu ameandika:

Mimi si mtu wa nadharia, nimekaa na vyombo vya optiki miaka mingi, kwa hiyo nitajibu swali la vifaa.

Kwa polistirini, kisulisuli kiache kwanza. Polistirini ina kipimo cha kupinda mwanga cha 1.59 na maji yana 1.33, tofauti hiyo ni ndogo mno kukupa resonansi ya sumaku anayoizungumzia Mwalimu. Lakini shanga hizo zinatosha kabisa kuonyesha mkono unavyogeuka kwa kufuata pembe na ukubwa, na hicho ni kipimo halisi kinachoweza kusimama kwenye tasnifu.

Tumia shanga za nanomita 50, au 100 kama hizo hazipo, kwenye maji yaliyochujwa, kidogo kiasi kwamba ukitazama kupitia mrija bado unaona maandishi upande wa pili. Ukizidisha, mwanga utatawanyika mara nyingi kabla ya kutoka na hesabu za chembe moja hazitafaa. Mrija uwe wa duara, usiwe wa mraba, ili mwanga utoke wima kwenye kioo kwa kila pembe utakayopima. Pitisha leza kwenye polaraiza, kisha kwenye bamba la robo wimbi lililowekwa digrii 45, upate mkono mmoja. Upande wa kupokea, weka bamba jingine la robo wimbi na polaraiza, kisha zungusha polaraiza upime mkono mmoja na mwingine kwa kila pembe. Kwa chembe ndogo sana, sehemu iliyobaki hufuata mraba wa (1 + kosaini ya pembe) na iliyogeuka hufuata mraba wa (1 − kosaini ya pembe). Kwenye digrii 60 utarajie asilimia 90 kwa 10. Kwenye digrii 90, nusu kwa nusu. Kwenye digrii 120, 10 kwa 90. Namba hizo ni nyoofu na hazihitaji programu, kwa hiyo ukizikosa kwa mbali ujue chombo hakijakaa sawa. Kisha badilisha uweke shanga za mikromita 1, halafu 5. Utaona mwanga mwingi ukijikusanya mbele na sehemu iliyogeuka ikishuka sana, kwa sababu chembe kubwa yenye tofauti ndogo na maji inautunza mkono vizuri kuliko chembe ndogo.

Msimu wa kiangazi hapa Dodoma adui yako wa kwanza ni vumbi. Punje moja ikiingia kwenye mrija inawaka ndani ya mwale kama nyota, ikipita mbele ya kipokezi chako namba zinaruka, na punje hizo si matufe, zinageuza mkono zinavyotaka. Chuja maji mara mbili kwa kichujio cha mikromita 0.2 kabla ya kutia shanga, funika mrija, na usipange kipimo mchana wa upepo madirisha yakiwa wazi.

Kama bamba la pili la robo wimbi halipo, miwani ya sinema ya 3D ya aina ya polaraizesheni ya duara hufanya kazi ya kutambua mkono: jicho moja hupitisha wa kushoto, jingine wa kulia. Upande unaoelekea skrini ndio uelekee mwanga. Ukiigeuza haitenganishi mikono tena. Kwa nyekundu ya 632.8 haitakuwa safi kabisa kwa kuwa imetengenezwa kwa rangi zote kwa pamoja, lakini kwa jaribio la kwanza inatosha. Na andika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, kama mkono unaupima ukiwa umetazama mwale ukikujia au ukiwa unaufuata, maana vitabu havikubaliani na utajikuta umepindua jedwali zima.

Kisulisuli chenyewe unaweza kukitengeneza bila kile kioo cha bei kubwa cha kupangilia mwanga kinachoendeshwa na kompyuta. Chapisha kwenye karatasi angavu ya plastiki mistari myembamba iliyosongamana, yenye uma katikati, pale ambapo mstari mmoja unagawanyika kuwa miwili. Leza ikipita katikati ya uma, pembeni mwa nukta kuu utaona pete mbili, moja kila upande, l = 1 na l = −1. Ni asilimia 10 tu hivi ya mwanga inayoingia kwenye kila pete kwa hesabu ya mistari meusi na meupe, na wino wa printa hupunguza zaidi, lakini pete inaonekana vizuri ukutani kwenye chumba chenye giza. Ukiona pete imenenepa upande mmoja, uma hauko katikati ya mwale; sogeza plastiki kidogo kidogo hadi ilingane.

Ukifika hatua ya kuibana miale kwa lenzi ya hadubini, kuna mtego mmoja. Pale kwenye kitovu utakuta vijenzi vya uga ambavyo havikuwepo, kikiwemo kinachoelekea mbele kwenye mhimili wa safari, na watu husema lenzi imegeuza mkono. Lenzi nzuri haigeuzi helisiti. Inabadilisha tu jinsi momenta inavyogawanyika kati ya polaraizesheni na msokoto. Kusanya mwanga kwa lenzi ya pili, uunyooshe, ndipo upime mkono.

Mpitanjia wa Singida ameandika:

Nina swali dogo kwa Fundi na Mwalimu: kwa nini kijana asilikuze jaribio la silikoni badala ya kuliacha? Milinganyo ya Maxwell haijali ukubwa mradi uwiano wa chembe kwa urefu wa wimbi umebaki vilevile. Mwaka 2012 Geffrin na wenzake huko Ulaya walithibitisha masharti ya Kerker kwa mawimbi ya mikrowevu na tufe moja la kihami lenye kipenyo cha takriban sentimita mbili. Tufe la namna hiyo unalishika mkononi.

Mwalimu wa Makole amejibu:

Ni wazo zuri, na kama idara ya mawasiliano ya chuo chochote hapa mjini ina antena za pembe na kipimo cha mikrowevu, lifuatilie. Mapungufu yake ni mawili. Tufe la kihami chenye uwezo mkubwa wa kupinda mawimbi, wa kukaribia ule wa silikoni, si kitu cha kuokota sokoni, na chumba kinapaswa kufunikwa kwa sponji inayofyonza mikrowevu ili mwangwi wa kuta usifunike mtawanyiko wa tufe. Kupima upande wa nyuma, karibu na digrii 180, ni rahisi kuliko kupima mbele, kwa sababu mbele mwale wenyewe unakufunika na inabidi upime mara mbili, tufe likiwepo na likiwa limeondolewa, kisha utoe fezi pamoja na ukali, si ukali peke yake.

Kwa silikoni ya nanomita yenyewe, Mwanagenzi, usijifungie. Kusini mwa Afrika kuna maabara ya mwanga uliopangiliwa ya Andrew Forbes katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwombe msimamizi wako aandike barua. Mtu anayekuja na jedwali safi la digrii 60, 90 na 120 na hesabu ya l na p iliyolinganishwa kwa haki ana nafasi nzuri ya kusikilizwa.

Mwanagenzi wa Iyumbu ameandika:

Nimegeuza l na p kwa pamoja kwenye programu kama Mwalimu alivyoagiza, na tofauti imefutika hadi tarakimu ya mwisho ambayo kompyuta inaweza kuandika. Nimeomba vichujio vya 0.2 kwa fundi wa maabara ya baiolojia. Fundi wa Kikuyu, je, mrija wa majaribio wa kawaida wa kioo unatosha, au nitafute wa kwatzi?

Fundi wa Maabara, Kikuyu ameandika:

Wa kawaida unatosha kwa nyekundu. Ila uuchague ukiwa mtupu: uweke kati ya polaraiza mbili zilizopishana, na kama unaona mwanga ukipenya popote, kioo hicho kimepoa vibaya kiwandani na kitakugeuzia mkono kabla shanga hazijafanya hivyo. Chukua mwingine.